Kamera Nne za Dokta Haule

Alhamisi ile, mchana kweupe, akiwa ameshiba ugali wa dona na samaki wa kukaanga, Dokta Gaudensi Haule aliota ndoto juu ya kiti cha ofisini kwake, koti lake la kijivu mwilini, mdomo wazi, miwani imemwangukia kifuani. Hakuwa mtu wa kuota. Alipenda kuwaambia wanafunzi wake kwamba ndoto ni filamu za watu wasiojua kuandika mswada.

Kabla ya kufika kwenye ndoto yenyewe, inabidi mtu huyu ajulikane. Kwa miaka kumi na mmoja alifundisha somo lililoitwa Utengenezaji wa Filamu Fupi kwa Vitendo, katika chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu ambako asubuhi ukungu huingia darasani na kukaa viti vya mbele. Somo lilikuwa na kila kitu isipokuwa vitendo. Kamera zilikuwepo, tena nne, tena nzuri, zimefungiwa kwenye kabati la chuma nyuma ya kiti chake, kila moja ndani ya mfuko wa nailoni uliotoka nayo kiwandani. Ufunguo ulikaa mfukoni mwa shati lake. Mwanafunzi akiuliza watazishika lini, Dokta alimjibu, "Kwanza uielewe kamera. Kuishika hata mtoto anaweza." Basi wakawa wanaichora kwenye madaftari na kuandika majina ya sehemu zake kwa kalamu za rangi. Aliyechora vizuri kuliko wote mwaka uliopita alipata alama tisini na moja. Siku hizi anauza magodoro.

Kulikuwa na siri ndogo. Dokta Haule mwenyewe hakujua kuiwasha.

Shahada yake ya uzamivu ilihusu falsafa ya fremu, kurasa mia nne na kumi, na katika kurasa zote hizo hapakuwa na mahali palipomlazimu kubonyeza kitu. Siku kamera zilipoletwa alijifungia ofisini na moja kati ya hizo kwa saa nzima, akaigeuza juu, akaigeuza chini, akaitikisa kidogo karibu na sikio. Haikuwaka. Akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni, akafunga kabati, na kuanzia siku hiyo ndipo alipoanza kuhubiri habari ya kuielewa kwanza.

Sasa, saa kumi ya alasiri hiyo jopo la watahini lilikuwa likutane kupitisha alama, na mezani kwake kulikuwa na fomu moja iliyosubiri saini. Ilikuwa ya Nyamizi Kapera, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka upande wa Urambo, binti mrefu, mwenye maneno machache, ambaye kuchora kulimchosha. Wakati wa likizo alikwenda kwao akatengeneza filamu ya dakika tisa kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Ilimhusu Bi Kalunde, mwanamke anayeendesha mashine ya kusaga nafaka kijijini. Mlio wa mashine ulikwisha kumwua masikio yote mawili, na alijua kama unga umelainika kwa kuupokea kiganjani tu.

Dokta aliitazama filamu hiyo kwa dakika mbili, akaipa alama ishirini na mbili. Kwenye fomu aliandika: mstari usiovukwa na kamera umevukwa, nafasi ya kichwa haitoshi, kanuni ya theluthi haikuzingatiwa, kifaa hakitambuliwi na idara. Kwa alama hizo Nyamizi angedisko, kama wanafunzi wasemavyo. Angefungasha virago na kurudi kwao bila shahada.

Asubuhi binti alikuja ofisini.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Sina muda."

"Nilitaka tu kuuliza, Dokta, kama uliitazama yote."

"Binti, mimi nikionja mchuzi simalizi sufuria."

"Sawa, Dokta. Lakini mstari wenyewe niliuvuka makusudi, kwa sababu Bi Kalunde—"

"Makusudi! Hata mwizi huiba makusudi. Simu ni ya kupigia simu. Nenda."

Nyamizi alimtazama, kisha akalitazama kabati, kisha akamtazama tena. Akaaga kwa heshima zote akatoka. Mtazamo ule ndio uliomkaa Dokta kooni mpaka saa ya chakula, na pengine ndio, wala si samaki, uliomletea ndoto.

Alisinzia, na kabati likabisha hodi.

Linabisha kutoka ndani, kwa adabu, mara tatu.

"Karibu," anasema Dokta, maana amelelewa vizuri.

"Karibu yako haitusaidii," linajibu kabati. "Tumefungiwa."

Dokta anatoa ufunguo mfukoni. Ufunguo unasema haujawahi kufanya kazi hiyo, unaomba uelekezwe. Anauelekeza. Mlango unafunguka, na kamera nne zinatoka moja moja zikiwa ndani ya mifuko yao ya nailoni, kama wagonjwa wanaopelekwa chumba cha upasuaji. Nyuma yao inakuja stendi ya kamera, kwa miguu yake mitatu, inachechemea. Mwisho kabisa kinakuja kibao cha kuhesabia shoti, ambacho hakiwezi kusema neno bila kujipiga kofi kwanza.

Pa! "Onyesho la kwanza. Dokta Haule. Mara ya kwanza."

"Kaeni," anasema Dokta.

"Hatuna makalio," inasema kamera ya tatu, ambayo inaonekana ndiyo mkubwa wao. Sauti yake ni ya mama anayeongoza kwaya. "Tumekuja kwa ajili ya mtihani."

"Mitihani naitunga mimi."

"Umeshaitunga. Tumekusikia miaka kumi na mmoja kupitia mlango wa kabati. Kanuni zako tunazo zote kichwani. Leo utazifanya."

Dokta anasema wakati wa kutosha kujiandaa haukutolewa. Kamera ya tatu inasema wao wamejiandaa kwa miaka kumi na mmoja, na kwamba wastani wa pande mbili ni mzuri.

Kanuni ya kwanza ni nafasi ya kichwa. Stendi inarefusha miguu yake mpaka dari, inatoa utepe wa fundi cherehani, inapima kutoka utosini kwa Dokta kwenda juu.

"Juu ya kichwa, sentimita kumi na mbili. Sawasawa," inasema.

"Ndani?" inauliza kamera ya tatu.

Stendi inaingiza utepe kwenye sikio la kulia la Dokta. Utepe unakwenda, unakwenda. Hasikii maumivu, ila upepo fulani wa baridi. Kisha ncha yake inatokea sikio la kushoto.

"Umepita bila kugusa kitu," inasema stendi.

Pa! "Nafasi imezidi," kinasema kibao, na kinaandika.

"Kuna tasnifu mle," anasema Dokta kwa ukali. "Kurasa mia nne na kumi!"

Stendi inavuta utepe pole pole na kuutazama. "Kweli kuna vumbi," inakiri.

Kanuni ya pili ni ya theluthi. Kamba mbili zinashuka kutoka darini na kuigawa ofisi mara tatu, na Dokta anaambiwa kwamba mhusika mkuu hukaa theluthi ya kushoto. Kwa hiyo haruhusiwi kwingine kokote. Kikombe chake cha chai kiko theluthi ya kulia. Anaomba apewe. Anajibiwa kwamba kikombe ni mandhari na kinapendeza pale pale kilipo.

"Halafu kuna habari ya chakula cha mchana," inasema kamera ya kwanza, ambayo ni nyembamba na inaonekana kuwa ndiyo mhasibu. "Ulikula samaki mzima."

"Nilikuwa na njaa."

"Theluthi moja ilikuwa yako. Nyingine utazirudisha lini?"

Dokta anatazama tumbo lake. Tumbo linatazama pembeni.

Anaamua kuondoka. Ana jopo saa kumi, na hana sababu ya kutahiniwa na vyombo vya ofisi. Anakwenda mlangoni, anaushika mpini, anafungua, na badala ya korido anajikuta kwenye uwanja wa mpira wa chuo, ndani ya ukungu mzito. Katikati ya uwanja umechorwa mstari mweupe, unapanda kilima na kutokomea. Juu ya mstari huo, nyuma ya meza ndogo, amekaa askari wa uhamiaji. Ni kipande cha chaki. Kimevaa kofia, na kiko nusu, kama vipande vyote vya chaki vya chuo kile.

"Pasi," kinasema.

"Sina. Mimi ni mhadhiri."

"Naona. Sababu ya kuvuka?"

"Nakwenda kwenye jopo la watahini."

"Jopo liko upande huu. Upande ule kuna watu."

"Watu gani?"

"Hao unaofundisha kuwapiga picha."

Dokta anajikohoza. Anaieleza chaki, kwa sauti yake ya darasani, kwamba mstari wa digrii mia na themanini haupaswi kuvukwa, kwamba ukivukwa kulia hugeuka kushoto na mtazamaji hupotea kabisa. Chaki inamsikiliza mpaka mwisho, kwa uvumilivu wa kitu ambacho kimeandika sentensi hiyo ubaoni mara mia tatu.

"Ni kweli," inasema. "Mtu akivuka, wale aliokuwa akiwatazama wanaanza kumtazama yeye. Inasumbua. Wengi hurudi. Uvuke au usivuke?"

Nyuma yake Dokta anasikia utepe wa stendi ukivutwa tena. Anavuka.

Chaki inagonga muhuri kwenye ukungu, kwa kuwa hakuna pasi, na ukungu unatawanyika.

Ni Urambo. Hajawahi kufika Urambo, ila anajua. Jua ni kali, ardhi ni nyekundu, na mbele yake kuna banda la mabati linalotetemeka kwa mlio wa mashine. Nje ya banda kuna foleni ndefu ya kina mama wenye ndoo za mahindi. Mmoja wao anamtia Dokta ndoo ya manjano mikononi, bila kumtazama usoni.

"Shika, baba. Foleni haijipangi yenyewe."

Bi Kalunde anasimama mlangoni pa banda, mnene, kanga kiunoni, unga hadi kwenye nyusi. Anamnyooshea Dokta kidole, na wote wanageuka.

"Wewe ndiye uliyetazama dakika mbili?"

"Mama, nilidhani husikii."

"Huko nje ndiko sisikii. Ndani ya filamu nasikia vizuri tu. Nimekuuliza."

"Nilikuwa na kazi nyingi."

"Dakika mbili nilikuwa bado sijawasha mashine," anasema Bi Kalunde. "Umenipa ishirini na mbili nafunga kanga."

Kina mama wanaguna. Katika maisha yake ya kazi Dokta amewahi kupingwa na maprofesa wawili na mkaguzi mmoja, na wote aliwashinda kwa tanbihi. Anatafuta tanbihi sasa. Haimo.

"Njoo hapa. Kinga mkono."

Anakinga. Unga unamwagika kutoka kwenye mfuko wa mashine, wa moto, kama kitu kilicho hai.

"Umelainika?"

"Kwa mtazamo wa kinadharia, mama, ulaini ni dhana inayotegemea—"

"Sikukuuliza wewe. Nimekiuliza kiganja."

Dokta anakitazama kiganja chake. Kiganja hakijawahi kuulizwa kitu. Kinatafakari kwa muda, kisha kinasema, kwa sauti ndogo ya aibu, "Sijui."

"Hajui," Bi Kalunde anawatangazia kina mama, wala si kwa kumcheka. "Angalau kimoja mwilini mwake kinasema kweli."

Mashine inapunguza mlio. Kamera nne zimefika, zimekaa kwenye kivuli cha banda pamoja na vikapu. Kamera ya tatu inavua mfuko wake wa nailoni taratibu, inaukunja, inaupanda ule mkono wa Dokta uliokuwa umeshika ndoo, na inatulia pale.

"Kanuni ya mwisho," inasema. "Niwashe."

Pa! "Onyesho la mwisho. Dokta Haule. Mara ya pili."

Anaigeuza juu. Anaigeuza chini. Foleni nzima inamtazama, na jasho linamtoka hata kwenye vidole. Anaona vitufe kumi na vinne; vyote kumi na vinne amewahi kuviandika majina ubaoni, na hakuna hata kimoja kinachojitokeza kusema ni mimi. Anaipeleka karibu na sikio, aitikise.

"Usinitikise," inasema kamera kwa upole. "Ulinitikisa siku ile pia. Ilikuwa ni mimi."

Dokta anaishusha kutoka sikioni.

"Saa nzima ulinishika. Mwishoni machozi yalikulengalenga. Nilitaka kukuonyesha kitufe kilipo, lakini ningewezaje, na mimi nilikuwa bado sijawashwa?"

Hapo ndipo Dokta Haule, mbele ya kina mama ishirini na ndoo zao, anaposema maneno ambayo hajawahi kuyasema tangu aajiriwe. "Sijui kitufe kiko wapi."

Anangoja wacheke. Yeye angecheka. Amewahi kuwacheka wanafunzi kwa makosa madogo kuliko hilo, akaandika makosa yao ubaoni ili na wengine wacheke. Hapa hakuna anayecheka. Mwanamke mmoja anapiga miayo. Foleni ni ndefu na jua ni kali.

Nyamizi anatoka nyuma ya banda akiwa na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Anainama kidogo.

"Hapa, Dokta. Pembeni, chini ya mkanda. Huwa kimejificha."

Anasema kwa heshima ile ile ya asubuhi, na heshima hiyo inamchoma Dokta kuliko kicheko. Anabonyeza. Taa ndogo nyekundu inawaka.

"Kumbe," inasema kamera ya tatu. Haisemi zaidi. Inaanza kutazama: inamtazama Bi Kalunde, mabati, vumbi la unga kwenye mwale wa jua. Inatazama kama mtu aliyefunguliwa bandeji machoni, na Dokta, aliyeishikilia, anaona inachokiona.

"Haya, inatosha," anasema Bi Kalunde. "Rudi kwenye foleni, baba. Zamu yako bado."

"Mimi ni daktari wa falsafa," anasema Dokta, kwa mazoea tu.

"Hata wewe utasagiwa. Rudi."

Anaiweka kamera kivulini, anarudi, anasimama nyuma ya mama mmoja mwenye kitambaa cha zambarau, ndoo yake kaishika kwa mikono miwili. Kibao kinajipiga kofi na kupiga kelele, "Kata!" na dunia ikakatwa, kama uzi unavyokatwa kwa meno.

Dokta Haule aliamka. Saa ya ukutani ilionyesha kumi kasoro dakika nne. Kabati lilikuwa limefungwa. Alijipangusa mdomo, akasonya, akamlaani samaki. Alipokuwa anafika katikati ya korido majivuno yake yote yalikuwa yamemrudia, kama mbwa anavyorudi nyumbani, na fomu aliitia saini akiwa anatembea.

Jopo liliongozwa na Profesa Domitila Mbunda, mwanamke mwenye tabia mbaya ya kusoma kila karatasi inayoletwa mbele yake. Aliisoma fomu mara mbili.

"Hapa unataka kumwondoa mtu chuoni," alisema. "Tuione filamu."

"Profesa, dakika mbili zinatosha kabisa."

"Kaa, Dokta."

Taa zikazimwa. Dakika mbili za kwanza mwanamke anafunga kanga, anafagia, anatundika ufunguo. Dokta akatabasamu gizani. Kisha Bi Kalunde akawasha mashine, na watahini wawili waliokuwa wananong'onezana habari za ratiba wakanyamaza. Mikono ile ilijaa skrini. Mahali pale mstari ulipovukwa, mlio wote wa mashine ukakatika, na chumba kizima kikawa ndani ya ukimya wa masikio ya Bi Kalunde. Mtahini mmoja alivua miwani. Dokta Haule mwenyewe, kwa bahati mbaya, aliacha kupumua.

Halafu simu ikatoka nje ya banda, ikapita taratibu mbele ya foleni. Mama mwenye mtoto mgongoni. Mama mwenye kilemba. Mama mwenye kitambaa cha zambarau. Na nyuma yake mwanamume mmoja wa makamo, koti la kijivu, miwani imening'inia kifuani, ameshika ndoo ya manjano kwa mikono miwili.

Profesa Mbunda alisimamisha picha. Akamtazama mtu wa kwenye skrini. Akamgeukia mtu wa kwenye kiti.

"Mwiteni huyo binti."

Nyamizi aliingia, akaamkia wote.

"Hii uliipiga lini?"

"Mwezi wa sita, Profesa."

Mwezi wa sita mzima, likizo ile, Dokta Haule alikuwa chuoni akisimamia mitihani ya marudio. Profesa mwenyewe ndiye aliyempangia.

"Na huyu ni nani?"

Nyamizi alisogea karibu na skrini. Aliukagua uso wa yule mtu. "Hakuwepo, Profesa," alisema mwishowe. "Nimeihariri filamu hii wiki tatu, naijua uso kwa uso. Walikuwa kina mama watupu." Akamgeukia mwalimu wake, akalitazama koti, akasema tena, "Shikamoo, Dokta."

"Marahaba," alijibu Dokta.

Profesa Mbunda aliichukua ile fomu, akaichana katikati bila hasira. "Mtahini hatahini filamu aliyocheza mwenyewe," alisema. "Kanuni ni kanuni. Sisi wengine tutaitolea alama, na nisimsikie mtu hapa akitaja ishirini na mbili. Binti, kaa utazame nasi." Kisha akateremsha miwani yake hadi puani. "Dokta Haule. Ulikuwa unafanya nini kule?"

Alifungua mdomo aseme jambo la kinadharia. Hakuliona.

"Nilikuwa nasubiri zamu yangu, Profesa."

"Ilifika?"

"Bado."

Profesa akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la kawaida, akabonyeza, filamu ikaendelea. Kwenye skrini foleni ilisogea hatua moja, na mtu wa koti la kijivu akasogea nayo.